Kima punju wa Ngezi: tuwaletee wenzao kutoka Unguja?

Katika miaka ya 1970 kima punju 14 walivushwa bahari kutoka Unguja, wakaachiwa msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya Pemba. Kima huyu kwao ni Unguja peke yake. Miongo miwili baadaye watafiti walimkuta Ngezi bado yumo, lakini ni kundi dogo tu. Sasa wapo wanaotaka kundi hilo liongezewe damu mpya kutoka Jozani, msitu wa Unguja wanakoishi kima hawa, na wapo wanaosema liachwe lilivyo.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala huu hauna pa kushika. Kima 14 wana nakala 28 za kila jeni. Aleli, yaani sura mojawapo ya jeni, iliyokuwa kwenye asilimia 5 ya nakala zote kule Unguja ina uwezekano wa asilimia 24 hivi wa kutokuwamo kabisa ndani ya nakala hizo 28. Iliyokuwa na asilimia 1 inaachwa nyuma mara tatu katika kila nne. Hapo hakuna kilichoteuliwa kwa ubora wake. Ni nasibu tupu ya nani alinaswa siku ile na nani hakunaswa.

Hasara kubwa zaidi huja baada ya hapo. Kila kizazi, kundi hupoteza sehemu moja kwa 2N ya mchanganyiko wake wa vinasaba, na N si idadi ya vichwa bali ya wanaozaa kwelikweli. Tuseme walikuwa madume 4 na majike 10, na wote wanazaa. Zidisha 4, ambayo ni namba ya kanuni, kwa madume 4 na kwa majike 10, gawanya kwa jumla yao 14, unapata N ya 11.4. Kwa vizazi vitano, yaani takriban miaka 50 tukikadiria kizazi kuwa miaka 10, kundi limepoteza asilimia 20. Lakini dume mmoja akiwatawala majike wote, N inashuka hadi 3.6, na katika muda uleule zaidi ya nusu imekwenda. Mfugaji wa kuku analijua jambo hili bila fomula, ndiyo maana hubadilishana jogoo na jirani.

Wanaotaka kuleta kima wapya wana ushahidi mzito. Mwaka 1995, puma 8 majike, paka mwitu wakubwa wa Amerika, kutoka Texas walipelekwa Florida, ambako puma wachache waliobaki walikuwa na mikia iliyopinda, kasoro za moyo na madume wenye korodani zisizoshuka. Kasoro zilipungua na idadi ikapanda. Hofu ya kuchanganya damu zisizopatana haina uzito hapa, kwani vizazi vitano ni vichache mno kwa Ngezi na Jozani kuwa wageni wa kimaumbile. Na hawahitajiki wengi: mhamiaji mmoja anayezaa kwa kila kizazi huzuia makundi mawili yasiachane sana, liwe kundi kubwa au dogo. Afadhali awe jike kijana, kwa sababu katika jamii hii ya kima mara nyingi majike ndio huhama makundi, na dume mgeni hupigwa.

Upande wa pili nao una mfano wake. Katika kisiwa cha Isle Royale, Marekani, mbwamwitu dume mgeni aliingia kwa kuvuka barafu mwaka 1997. Uzao wake ulistawi hata karibu wote wakawa jamaa zake, wakarudi kuzaliana ndugu kwa ndugu, na kufikia mwaka 2016 walibaki wawili. Damu mpya ikija mara moja tu ni ahueni ya muda.

Kisha kuna tumbo la kima punju. Lina vyumba vinavyochachusha majani kwa bakteria, na mnyama akifungiwa na kubadilishiwa chakula huharibika haraka. Karantini ya magonjwa inataka majuma. Tumbo lake halitaki hata siku chache. Kwangu hili ndilo pingamizi zito kuliko yote. Tena Pemba ina viumbe wake: popo wa Pemba, ninga wa Pemba, aina ya bundi isiyopatikana kwengine. Mkondo wenye kina kirefu umekitenga kisiwa hiki kwa muda mrefu sana, wakati Unguja ilikuwa imeungana na bara enzi ya barafu, bahari iliposhuka. Uhifadhi wa Ngezi una wenyeji wa kuwatanguliza.

Husemwa pia kuwa tukiwaacha watageuka wawe kima wa Pemba. Nakataa. Uteuzi wa asili hufanya kazi kwa tofauti zilizopo, na kwenye kundi dogo nasibu huushinda: aleli yenye faida ndogo hupotea kama isiyo na faida.

Kabla ya kumnasa kima yeyote, kusanywe kinyesi kibichi cha kupimia DNA ya kundi la Ngezi, asubuhi chini ya miti walikolala. Kipande kidogo kiwekwe kwenye ethanoli saa 24, kisha kihamishiwe kwenye jeli ya silika, chembe zinazonyonya unyevu, kikauke. Kikiachwa kwenye joto, DNA huvunjika. Vipimo virudiwe mara kadhaa kwa kila sampuli, kwani DNA ya kinyesi ni chache na mara nyingi aleli moja hushindwa kusomeka. Mwenye aleli mbili tofauti huandikwa kana kwamba anazo mbili sawa, na kundi huonekana limezaliana ndugu kuliko lilivyo. Sampuli mbili za mnyama mmoja zitambuliwe na kuunganishwa, la sivyo idadi inapanda bure.

Matokeo yakiwa mabaya na watoto wanakufa, waletwe majike wawili, na wengine baada ya miaka kumi. Yakiwa ya wastani, pesa hizo ziende Unguja. Huko wamehesabiwa zaidi ya kima 5,800, baadhi yao wakiishi kwenye mashamba na vichaka nje ya hifadhi, na kila kichaka kinachokatwa kati ya kundi na kundi kinazaa Ngezi nyengine, ndogo, bila ya bahari.