Waya chini ya mama mkwe

Hiace yangu ni ya 1994, injini 3L, dizeli ya zamani isiyojua kompyuta. Asubuhi ya arusi ya Muheza ikagoma. Stata inazunguka vizuri, ila bomba halitoi hata moshi. Mama mkwe keshavaa, keshajifukiza udi, yuko barazani ananitazama.

Fundi hakufungua hata boksi la spana. Akainua kiti cha mbele cha abiria, maana injini ya Hiace inalala chini ya makalio ya watu, akaniambia nifungue swichi, akatega sikio kwenye pampu.

"Umesikia tik?"

Sikusikia.

"Basi solenoidi, kile kifungulio cha dizeli cha umeme hapo kwenye pampu, haipati umeme. Ikikosa, springi inasukuma kipini chini, dizeli haipiti."

Akavuta waya kutoka kwenye betri hadi pale. Tik! Gari likanguruma.

"Na kuzima?"

"Unainua kiti, unachomoa waya."

Nikacheka. Sikufikiria nani atakalia kiti hicho.

Muheza tukaelekezwa kuegesha ubavuni mwa turubai. Sheikh keshashika maiki. Nikazungusha ufunguo, nikauchomoa. Injini tukutuku, tukutuku. Vichwa vikageuka. Mama mkwe naye hashuki mpaka wenyeji waje kumpokea, ndiyo heshima yake. Nimwambie mama aliyenizalia mke, "Inuka kidogo niingize mkono hapo chini"? Mdomo huo sina.

"Mwanangu, zima gari, sheikh anasoma."

"Nimezima, mama." Nikamwonyesha ufunguo.

Akautazama ufunguo, akausikiliza mngurumo, akaanza Ayatul Kursi.

Nikatia gia ya nne, nikakanyaga breki kwa nguvu zote, nikaachia klachi. Gari likajikung'uta kama mbuzi aliyemwagiwa maji, likanyamaza. Visheti vilivyokuwa mapajani mwake vikahamia kwenye dashibodi, kimoja nikakikuta baadaye ndani ya spika. Sheikh akasema "Alhamdulillahi", sijui ya hotuba au ya gari.

Jioni betri imekufa. Waya niliuacha palepale, solenoidi ikanyonya umeme kutwa. Waliotusukuma ni waalikwa na kanzu zao, na bwana arusi akiwemo.

Kesho yake ndipo fundi akauona waya wa kutoka kwenye swichi: panya kautafuna. Tukabadilisha, gari linazima kwa ufunguo kama magari ya wenzetu. Lakini mama mkwe mpaka leo hakalii kile kiti kabla hajakiinua na kuchungulia.