Kukaa na wafanyakazi kwanza sio jambo jipya
Mwandishi, kwenye makala yako umeandika kama vile hii ya mshauri wa kampuni kukaa na wafanyakazi kabla bosi hajapanga mabadiliko imeanza juzi, hapana kaka. 1946 kule Connecticut, Marekani, mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake waliendesha semina, jioni watafiti wanajadili tabia za washiriki, washiriki wenyewe wakaomba kuingia wasikilize, ukazuka ubishi wa hatari lakini hapohapo ndo watu wakajifunza kuhusu tabia zao, kumbe wahusika wenyewe wakisikilizwa kuna faida. Lewin akafariki Februari 1947, wenzake wakafungua mafunzo ya namna hiyo Bethel, jimbo la Maine, mwaka huohuo. Ila mi naipenda zaidi ya Waingereza, watafiti Trist na Bamforth 1951 waliandika kuhusu migodi ya makaa ya mawe, mashine zikaja zikavunja vile vikundi vidogo vilivyozoeana, kila shifti na kazi yake moja, utoro ukazidi. Hapa Mwanza kiwanda kimoja cha samaki nilichofanyia kazi walitutenganisha hivyohivyo, wa kukata sangara huku wa kutoa ngozi kule, mnofu ukifika kwa wapakiaji umeshalegea na kila mtu anasema sio mimi. Mshauri alikuja kweli, na suti yake, akaongea na mameneja tu kwenye ofisi ya kiyoyozi akachukua chake akasepa