Chuo Kidogo Nacho Kina Utafiti Wake

Nafundisha katika chuo kidogo, na kila mwaka nasikia maneno yaleyale: utafiti tuwaachie wa vyuo vikuu vikubwa, sisi kazi yetu ni kufundisha. Sikubaliani nayo hata kidogo, na hoja yangu inaanzia kwa Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa na sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingia kwenye friza. Siku moja aliogopa kukosa nafasi, akayaingiza ya kwake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Alipomuuliza mwalimu sababu, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alifika mgeni kutoa mhadhara: Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza. Wenzake wakamcheka. Osborne naye alikuwa na shaka, lakini aliporudi Dar es Salaam alimwomba fundi wa maabara ajaribu, na matokeo yakawa yaleyale aliyosimulia kijana. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la *Physics Education*. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, chuo kingine kidogo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Wanafizikia wanabishana hadi leo kama kweli cha moto huweza kuganda kabla ya cha baridi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia majaribio, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Mimi nauona ubishi huo kuwa heshima kubwa kwa swali lililozaliwa kwenye friza ya shule.

Tukumbuke pia ukubwa wa chuo alichotoka Osborne. Kilifunguliwa mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, ndani ya jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Hakikuwa chuo kikuu kamili hadi mwaka 1970. Lakini ndani ya miaka hiyo michache, pale Mlimani, kilima ambako chuo kilihamia, John Iliffe na Gilbert Gwassa wa historia waliwatuma wanafunzi wao vijijini kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji, vya kuwapinga Wajerumani. Ilikuwa mwaka 1968. Waliokuwa watoto mwaka 1905 walikuwa bado hai, na kumbukumbu zao zilikuwa katika lugha ambazo wanafunzi hao walizungumza nyumbani. Hakuna profesa wa London ambaye angeweza kuifanya kazi ile peke yake. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, aliyesoma chuo hichohicho, alichapisha tamthilia yake juu ya Kinjeketile, mganga aliyewapa wapiganaji wa vita hivyo maji ya dawa. Historia na sanaa za maonyesho zilikuwa zikimtazama mtu mmoja kutoka pande mbili, kwenye kilima kimoja.

Naamini udogo ulisaidia. Katika chuo kidogo, mtu wa kemia, wa Kiswahili na wa jiografia wanakula meza moja, si kwa hiari yao bali kwa sababu kantini ni moja tu. Mwalimu wa botania akitaja mti ambao hajui wenyeji wanautumiaje, mwenzake wa lugha anamjua bibi wa kijiji cha jirani atakayemweleza. Maswali ya namna hiyo ni magumu kuyapata pale ambapo kila idara ina ghorofa lake.

Kinachotuua ni jinsi tunavyopimwa. Nimeshuhudia makala ya walimu wanne wa idara nne ikifika mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, na kila mwandishi akahesabiwa robo. Kila idara ikauliza hii ni fani ya nani. Waandishi walijifunza haraka: makala zao zilizofuata kila mmoja aliandika peke yake, juu ya jambo dogo, kwa jarida la mbali ambalo jirani zetu hawatalisoma. Mzigo wa vipindi ni mkubwa pia, hilo sibishi, na zipo tafiti zinazodai mashine ambazo hatutaweza kuzinunua. Hizo kweli tuwaachie wenye uwezo.

Ila mto unaopita nyuma ya chuo chetu hauhitaji mashine hizo ili kuanza. Unahitaji mtu wa kupima maji, mtu wa kuuliza wazee mto ulifika wapi zamani, mtu wa kusoma sheria ndogo za kijiji, na wanafunzi ambao nyumba zao ziko kando yake. Ningependa chuo chetu kitenge fungu dogo la nauli na muda wa fundi wa maabara kwa kazi moja kama hiyo kila mwaka, kwa sharti kwamba iguse angalau idara tatu, na kila aliyeshiriki ahesabiwe makala nzima atakapoomba cheo.