Mzee wa Nottingham alimjua Mnairobi nisiyemjua

Jumapili iliyopita mzee mmoja Mwingereza alinitajia jina la mtu aliyezaliwa Nairobi, mji ulionilea, na mimi sikuwa nimewahi kulisikia. Tangu siku hiyo sijatulia.

Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Nottingham. Wengi wenu mna dada au binamu kwenye kazi hii, kwa hivyo sitawachosha na habari za zamu za usiku na maumivu ya mgongo. Mzee ninayemzungumzia amepita miaka themanini na mitano. Mikono inatetemeka, lakini kila Jumapili baada ya chai ya alasiri ananiomba daftari lake na penseli. Humo ameandika kikosi bora cha kriketi cha wakati wote cha Nottinghamshire, kaunti ya huku, wachezaji kumi na mmoja, na kila wiki anakifumua na kukisuka upya. Larwood hatoki. Sobers hatoki. Hadlee hatoki. Vita viko kwa wafunguzi, wale wapigaji wawili wa kwanza, na mlinda wiketi, mdakaji wa nyuma ya mpigaji, na siku moja alikaa karibu nusu saa akimfuta Clive Rice, kisha akamrudisha pale pale. Mwenzake wa chumba cha jirani anakuja na kitabu chake, wanabishana hadi chai inapoa: fulani alipiga mikimbio mingapi (ndizo pointi za kriketi) mwaka ule, uwanja ulikuwa umelowa au ulikuwa mkavu.

Siku hiyo akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Nairobi. Akaweka penseli chini.

"Nairobi! Basher Hassan!"

Nilitabasamu kwa adabu, kama mtu anayejua. Nilipofika nyumbani nikaanza kutafuta. Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, 1944. Alianza kuichezea Nottinghamshire 1966 na hakustaafu hadi 1985. Zaidi ya mikimbio 14,000 katika mechi za daraja la kwanza. Alicheza pamoja na Sobers, alicheza pamoja na Hadlee, na alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa kaunti 1981. Nimepita nje ya Trent Bridge, uwanja wa Nottinghamshire, kwa basi kwa miaka sita, asubuhi na jioni, bila kujua kwamba mtoto wa Nairobi alipiga mpira mle ndani karibu miaka ishirini. Mzee anamweka akiba, mchezaji wa kumi na mbili. Anasema ni kwa ajili ya udakaji wake.

Lakini kilichoniuma zaidi ni swali lililofuata. "Na nyinyi Kenya? Nitajie kumi na mmoja wako."

Nikaanza kwa kifua mbele. Steve Tikolo. Maurice Odumbe. Thomas Odoyo. Kennedy Otieno. Martin Suji. Collins Obuya. Aasif Karim. Hitesh Modi. Rajab Ali. Nikafika tisa, nikakwama. Na wote tisa ni watu niliowaona kwenye televisheni kati ya 1996 na 2003. Kabla ya hapo, kichwani mwangu palikuwa peupe kabisa, kana kwamba kriketi ya Kenya ilizaliwa siku ile tuliyowafunga West Indies.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka kuisema, na sitaki kuizunguka. Huku mtu aliyekufa kabla ya mimi kuzaliwa bado anagombewa nafasi kila Jumapili. Kwetu mtu aliyestaafu juzi, anayepanda matatu moja na wewe, tumeshamsahau.

Najua sauti ziko tayari. "Amekwenda majuu, sasa anatufundisha." Ngojeni. Sisemi Waingereza ni bora kuliko sisi. Kwa miaka miwili ya kwanza hapa sikujua jina la jirani tunayegawana naye ukuta, na siku nilipougua aliyeniletea supu ni mama Mghana wa ghorofa ya juu. Kwa mambo ya utu sina cha kuja kujifunza huku, na nikipewa nauli kesho nitakuja kukaa kwa mama yangu mwezi mzima bila kutazama saa. Lakini jambo likiwa zuri ni zuri, hata likifanywa na mtu asiyenisalimia kwenye ngazi. Wameweka kumbukumbu. Ukitaka kujua nani alitolewa na nani katika mechi ya kaunti ya zaidi ya miaka mia iliyopita, utapata. Na kwa sababu wana kumbukumbu, wana cha kubishania, na huo ubishi wa wazee wawili na chai iliyopoa ndio unaoufanya mchezo uendelee kuishi hata siku ambazo hakuna mechi.

Sisi tunabishana juu ya nini? Mnajua. Nani awe mwenyekiti, nani alikula, kamati ipi ni halali. Siendelei.

Usiku ule nikampigia mjomba. Nilikumbuka kwamba ujanani alikuwa akienda kutazama kriketi kwenye viwanja vya Forest Road, siku hizo kabla haijaitwa Professor Wangari Maathai Road. Nikamwambia, "Mjomba, nisaidie kupanga kikosi cha Kenya cha wakati wote." Kimya. Kisha nikamsikia akivuta kiti.

"Wewe andika Jawahir kwanza. Halafu tuendelee."

Jawahir Shah. Mjomba aliniambia kwamba ukimwona akipiga ungedhani mpira unamwomba ruhusa. Mwaka 1975, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Afrika Mashariki ilipeleka timu moja Uingereza: Wakenya, Waganda, Watanzania na Wazambia, nahodha akiwa Harilal Shah wa Kenya. Walipoteza mechi zote tatu, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza. Lakini dhidi ya India pale Leeds, timu nzima ilipotolewa kwa 120, Jawahir alipiga 37 kati ya hizo. Zulfiqar Ali alitoa Waingereza watatu kule Birmingham. Frasat Ali alipiga 45 mbele ya warushaji wa New Zealand. Haya yote yalifanyika katika nchi hii ninayoishi, na mimi nimeyasikia kwa simu kutoka Nairobi.

Basi tulikaa hadi salio likaisha, tukahamia WhatsApp, na kikosi kikatoka hivi. Anayefungua na kulinda wiketi ni Kennedy Otieno, na hapo sina mpinzani. Wa kufungua pamoja naye ndipo tulipokosana. Mjomba alimtaka Dipak Chudasama, na ana hoja: Oktoba 1997, Nairobi, dhidi ya Bangladesh, hao wawili walijenga mikimbio 225 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka, yaani kabla hata mmoja wao hajatolewa. Otieno 144, Chudasama 122. Mimi nikamweka Basharat Hassan. Mjomba akapaza sauti, "Huyo aliondoka! Alikula mkate wa Waingereza!"

Hapo nilinyamaza kidogo, kwa sababu niliona hakuwa akimzungumzia Hassan peke yake.

Nikamjibu kwa mfano wa Larwood. Harold Larwood, mchimba makaa ya mawe wa huku Nottinghamshire, mrushaji wa kasi aliyewatesa Waaustralia 1932 na 1933 hadi nchi mbili zikakaribia kununiana. Baada ya ziara ile hakuichezea Uingereza tena. Mwaka 1950 akafungasha akahamia Australia hiyo hiyo, akaishi huko hadi alipofariki 1995. Je, watu wa Nottingham walimfuta? Yeye ndiye jina la kwanza kwenye daftari la mzee wangu. Aliyeondoka hakuibeba miaka yake na kuondoka nayo. Nikasema Hassan anafungua, na mjomba akakata simu. Alipiga tena baada ya dakika kumi.

Namba tatu, na nahodha, ni Tikolo. Mtu akinibishia hapa ajibiwe na wengine. 96 dhidi ya Sri Lanka kule Kandy 1996, siku wenyeji walipopiga 398. 147 kwenye fainali ya ICC Trophy, kombe la nchi zisizocheza Test, kule Kuala Lumpur 1997, na bado tukapoteza kwa Bangladesh kwenye mpira wa mwisho. Na 56 kule Durban, Machi 20, 2003, nusu fainali ya Kombe la Dunia, wenzake wakianguka mbele ya Wahindi mmoja baada ya mwingine. Nusu fainali! Kikosi kilichowafunga Sri Lanka Nairobi na Zimbabwe Bloemfontein. Nikiwasimulia vijana wa Kikenya wa hapa, waliozaliwa baada ya hapo, wananiuliza kama ni raga.

Wa nne Jawahir. Wa tano ni Odumbe, na hapa wengi mtaniacha. Ndiyo, 2004 alifungiwa miaka mitano kwa kuchukua pesa za watu wa kamari. Sitetei, lilikuwa kosa, na liliivunja mioyo yetu tuliompenda. Lakini Pune 1996 yeye ndiye aliyekuwa nahodha tulipopiga 166 tu na kuwatoa West Indies wote kwa 93, na yeye mwenyewe akachukua wiketi 3 kwa mikimbio 15. Gwalior 1998, India kwao nyumbani, akapiga 83 tukashinda. Mwandikeni, na adhabu yake iandikwe pembeni. Tukimfuta, tumefuta na ushindi wetu.

Wa sita Hitesh Modi, mkono wa kushoto, mtulivu. Babake Subhash alikuwa mwamuzi, na 2006 alimtoa mwanawe mwenyewe kwa kuzuia mpira kwa mguu mbele ya wiketi. Nchi yenye baba wa namna hiyo haikosi waadilifu, inakosa kuwakumbuka. Wa saba Odoyo, wa kwanza kutoka nchi isiyocheza mechi za Test, zile ndefu za siku tano, kufikisha wiketi 100 za kimataifa za siku moja. Wa nane Collins Obuya, kwa zile wiketi 5 kwa 24 dhidi ya Sri Lanka, na kwa 98 bila kutolewa dhidi ya Australia 2011, alipokuwa ameshajigeuza kutoka mrushaji kuwa mpigaji. Wa tisa Martin Suji. Wa kumi Aasif Karim wa Mombasa, aliyekuwa amestaafu, akaitwa tena, akasimama mbele ya Australia, mabingwa wa dunia, 2003, akiwa na miaka 39: ova 8.2 (ova moja ni mirusho sita), mikimbio 7, wiketi 3, nahodha wao Ponting akiwa mmoja wa aliowatoa.

Nilipoweka orodha kwenye kundi la familia, binamu yangu akaandika, "Kriketi ni ya Wahindi na wazungu, wewe umepotea." Soma majina tena, ndugu yangu. Otieno, Tikolo, Odumbe, Odoyo, Obuya, Suji. Na Shah na Karim na Modi ni Wakenya kama wewe. Mchezo wenye orodha kama hii unakuwaje wa wenyewe wengine? Waganda walikwenda Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024, na Frank Nsubuga mwenye miaka 43 akarusha ova zake nne kwa mikimbio 4 tu. Nilishangilia hadi nikachelewa kazini. Kisha nikakaa kwenye kituo cha basi nikikumbuka kwamba zamani Waganda ndio waliokuwa wakitutazama sisi.

Jumapili hii nilimpelekea mzee orodha. Aliisoma polepole kwa miwani mbili. Kwa Karim alipiga meza kwa kidole. Kwa Hassan alicheka kwa furaha. Alipofika kwa Jawahir Shah akauliza wastani wake, mbali na Kombe la Dunia: kwenye ligi, Nairobi, miaka yake bora. Nilikuwa nimetafuta juma zima. Nikamwambia nina neno la mjomba wangu tu.

Akafikiri. Kisha akaandika "Shah, J." kwa penseli, hafifu, na kando yake alama ya kuuliza.

Mwenye karatasi za zamani za ligi ya Nairobi, za miaka ya sitini na sabini, hata kama panya wamekula pembe, anipigie picha anitumie. Na nafasi ya kumi na moja bado iko wazi. Mimi nasema Rajab Ali, kwa kumtoa Brian Lara, nyota wa West Indies, pale Pune. Mjomba anasema Zulfiqar, na anasema hataki kusikia jina jingine hadi Krismasi.