Portifolio ya elektroniki kwa staji: sawa, lakini nani anasoma?

Hapa Goma kila mtu mwenye alifanya staji, ile ya kujifunza kazi pale kazini, anajua njia ya sekretaria, pale wanaandikisha na kutoa makaratasi, unafika na flashi yako, kijana wa kompyuta iko na rapore (ripoti) za wanafunzi wa promosyo tatu zilizopita, anafungua moja, anabadilisha jina na tarehe, unaenda kupigisha muhuri kazini, kote, ni kusema pointi, inatoka 14 kwa 20. Kila mtu amefurahi na hakuna hata mmoja amefikiri kitu.

Ndiyo maana wale wanaosema tuingie portifolio ya elektroniki mimi nawasikia. Ni daftari ya kwenye intaneti, stajeri anaandika leo alifanya nini, wapi alikosea, kwa nini, na kesho atafanya aje, enkadrere, yule anayemsimamia, anasoma wakati staji bado inaendelea, si kisha miezi miwili wakati hakuna tena cha kurekebisha. Kuna hata programu ya kazi hiyo, Mahara, ilianzia New Zealand mwaka 2006, na jina lenyewe kwa Kimaori ni mambo ya kufikiri (walichagua vizuri kweli).

Halafu sisi wa hapa tuko na sababu yetu. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano Nyiragongo kulipuka, walituambia tuhame, watu wakashika njia ya Sake, wengine Gisenyi, nani alikumbuka daftari ya staji yenye sinyatire zote? Ile ya intaneti unakimbia nayo kichwani, ni neno la siri tu.

Watabisha: mega za intaneti ni bei, umeme unakatika. Ni kweli, lakini kwangu hiyo si shida kubwa, mtu anaweza kuandika kwenye simu bila intaneti akatuma jioni akipata mega, sauti za WhatsApp tunatuma kila siku na hakuna anayelia.

Shida yenyewe ni kote. Tuseme stajeri wa enfirmye, kazi ya uuguzi, amekosea dozi ya dawa usiku, wamewahi kumrekebisha, mgonjwa hana tatizo. Hapo ndipo somo lilipo, lakini ataandika vile wakati anayesoma ndiye anayempa pointi? Ataandika "nilijifunza mengi", sawa na ile rapore ya sekretaria, tofauti hii ina picha. Na karatasi ilikuwa inafungiwa kwenye kabati, ya simu mtu anapiga kapchari, picha ya skrini, na kesho mtaa wote wanajua. Picha za vidonda pia, fishi, karatasi ya matibabu, inaonekana na jina la mgonjwa, katika mji huu wenye kila mtu ni shemeji ya mtu!

Kwa hiyo mimi ningekubali, ila kurasa za makosa zibaki za mwenyewe, yeye achague zipi za kuonyesha (Mahara inaruhusu hiyo, mwenye ukurasa ndiye anaamua nani auone), na kote itoke kwa zile alizochagua tu. Picha ya mgonjwa, hapana kabisa. Na enkadrere akae na stajeri wake hata saa moja kwa wiki waongee kwa mdomo, juu kuna mambo mtu anasema na hawezi kuandika. Shule ikikosa hiyo saa moja, basi tubaki na kijana wetu wa sekretaria, yeye alau bei yake tunaijua.