Nyaraka za programu huria: ripo moja, au kila lugha na yake?

Kila wanapokutana watengeneza programu wa Nairobi wanaochangia miradi huria, suala hili halikosi kuzuka. Mradi una nyaraka za Kiingereza, Kifaransa na sasa Kiswahili. Zikae zote katika ripo moja, yaani ghala moja la faili za mradi, au kila lugha ijisimamie?

Wanaotaka ripo moja wana hoja nzito. Amri ya programu ikibadilishwa katika toleo jipya, ukurasa wa Kiingereza husahihishwa mapema. Wa Kiswahili, uliojitenga, huendelea kumwambia msomaji aandike amri iliyokwisha kufutwa. Naye yuko Kawangware, bando linakata, na hajui kosa ni lake au la ukurasa. MDN, rejea kubwa ya teknolojia za wavuti, ilihamia GitHub, tovuti ya kuhifadhi ripo, mwishoni mwa 2020. Baada ya hapo lugha zilizokosa vikundi vya kuzitunza ziliondolewa. Ukatili? Labda, lakini ukurasa uliopitwa na wakati hudhuru kuliko ukurasa usiokuwepo.

Upande wa pili unalalamikia kungoja. Sahihisho la Kiswahili hukaa wiki kadhaa likimsubiri mhakiki asiyejua hata kulisoma, na aliyejitolea huchoka akaenda zake. Python, lugha ya kuandikia programu, kupitia pendekezo lake rasmi PEP 545 la 2017, iliipa kila lugha ya tafsiri ripo na mratibu wake, ila kurasa zinatoka kwenye tovuti ileile. Maandishi hukatwakatwa katika faili za gettext, mfumo wa kutafsiria programu: sehemu ya msgid hubeba Kiingereza, msgstr tafsiri yake. Ya kwanza ikiguswa, ya pili hutiwa alama ya shaka, na msomaji huonyeshwa Kiingereza mpaka mtu aipitie. Hadanganywi. Lakini mfasiri aliyefungwa sentensi kwa sentensi hana ruhusa ya kupanga aya upya, na inasomeka hivyo.

Mimi naegemea kwa mtindo wa Kubernetes, mfumo huria wa kuendesha programu kwenye kompyuta nyingi: ripo moja, kila lugha na folda yake na waidhinishaji wake. Kwa kuwa hakuna anayeidhinisha kazi yake mwenyewe, lugha mpya huhitaji angalau watu wawili.

Wawili hao wafanye nini, hapo ndipo penye kazi. Msimbo hapa mjini hujadiliwa kwa Kiswahili na Sheng, lakini rejea ya API (maagizo ambayo programu moja hutumia kuwasiliana na nyingine) husomwa kwa Kiingereza bila taabu, kwa hiyo nisingepoteza jioni hata moja kuitafsiri. Ningeanza na mtumiaji. Chukua Ushahidi, mfumo uliozaliwa Kenya Januari 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi: anayepokea na kuthibitisha taarifa si lazima awe mwandishi wa msimbo. Mwongozo wake uandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mifano ya kata na vituo anavyovijua. Ukurasa kama huo hautakuwa na pacha wa Kiingereza, na ripo ya pamoja lazima iukubali hivyohivyo. Ikiukataa, kikundi cha Kiswahili kina kila sababu ya kufungua ripo yake.