Dodoma: Diwani anadaiwa barabara isiyo yake

Mvua ikinyesha Dodoma siku mbili mfululizo na mtaro wa mtaani ukafurika, wa kwanza kutukanwa ni diwani. Tuutazame mtaro wenyewe. Kama barabara ni ya mtaa, mtaro huo ni wa TARURA, wakala uliokabidhiwa barabara za mijini na vijijini tangu Julai 2017. Kama ni barabara kuu au ya mkoa, ni wa TANROADS. Chupa za plastiki zilizouziba ni taka ngumu, kwa hiyo ni za Halmashauri ya Jiji. Bomba linalovuja pembeni ya kalvati ni la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma. Mchanga uliojaa chini umetoka kwa mtu anayejenga jirani, na kibali chake cha ujenzi kilitoka Jiji. Mtaro mmoja una wakubwa watatu, na katika wote hao hakuna hata mmoja ambaye diwani anaweza kumfuta kazi.

Hata ndani ya Jiji kwenyewe hali ni hiyo hiyo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, chombo cha juu ni Baraza la Madiwani: madiwani wa kata 41, wa viti maalumu na wabunge wa majimbo. Meya wanamchagua wao na wanaweza kumwondoa. Lakini anayeandaa ajenda, anayeidhinisha malipo na kujibu hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ni Mkurugenzi wa Jiji, na huyo anateuliwa na Rais. Mkurugenzi mwenye akili timamu anajua simu ipi aipokee kwanza. Sisemi ni watu wabaya. Nasema mfumo umewaelekeza macho juu, kwa Mkuu wa Mkoa na TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa), kabla ya kuwageuza kwa wenye kata.

Wanaodhani dawa ni kumchagua mkuu wa jiji kwa kura waiangalie Nairobi. Wakenya wanamchagua gavana wao wenyewe, na bado Februari 2020 gavana alitia saini kukabidhi afya, uchukuzi, ujenzi na mipango miji kwa Serikali ya Taifa. Jiji likaendeshwa na taasisi maalumu, NMS, chini ya jenerali wa jeshi, hadi Septemba 2022. Serikali inayokaa ndani ya jiji haiachi jiji lijiendeshe, iwe kuna gavana au hakuna.

Dodoma tuna historia yetu ya jambo hilo, na jina lake ni CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mamlaka hiyo iliundwa mwaka 1973, makao makuu ya nchi yalipoamuliwa kuhamia huku, ikapewa ardhi ya mji. Manispaa ikabaki na shule, zahanati, masoko na kelele. Mtu alipimiwa na CDA, akapewa mkataba wa miaka 33, halafu akienda Manispaa kulalamikia bomoabomoa anaambiwa hayo si yetu. Rais Magufuli aliivunja Mei 2017 na kazi zake zikahamia Manispaa, ambayo tarehe 26 Aprili 2018 ilitangazwa kuwa Jiji. Mikataba ya miaka 33 ikaanza kubadilishwa kuwa hati za miaka 99, na mauzo ya viwanja yakaijaza hazina ya Jiji.

Hapo ndipo tatizo lilipokomaa. Fedha za viwanja zinaingia mara moja tu: ukishauza, umeuza. Halmashauri iliyozizoea inashawishika kupima haraka kuliko inavyolipa fidia, na kugawa kwenye ramani ambayo haijahakikiwa. Matokeo yake tunayajua: kiwanja kimoja, watu wawili, kila mmoja ana risiti halali. Na hati leo inasainiwa na Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa Mkoa, aliye chini ya Wizara ya Ardhi. Kwa hiyo diwani akiletewa mgogoro anachoweza kufanya ni kuandika barua na kusindikiza watu.

Chanzo ambacho kingefaa kuziba pengo hilo ni kodi ya majengo, kwa sababu hurudi kila mwaka na hukua mji unapokua. Hiyo ilichukuliwa na TRA, mamlaka ya mapato ya nchi, kisha tangu 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, iwe jumba la Area D au vyumba vitatu vya Chang'ombe. Mara nyingi anayekatwa ni mpangaji, aliyetaka umeme tu. Ukusanyaji umekuwa rahisi, sibishi. Lakini Jiji halina tena sababu ya kuthaminisha majengo wala kutunza daftari lake, na jiji lisilojua lina nyumba ngapi na za thamani gani linapanga kwa kubahatisha.

Sasa upande wa madiwani, maana nao wasijifiche kwenye mtaro wa TARURA. Mikononi mwao yamebaki mambo mazito: ushuru wa masoko na stendi, leseni, taka, sheria ndogo, na asilimia 10 ya mapato ya ndani yasiyolindwa (yaani yasiyotengewa matumizi maalumu) inayokwenda kwenye mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hoja ya mashine za kukusanyia ushuru (POS) zinazozimwa na makusanyo yasiyofika benki hujirudia kwenye ripoti za CAG kuhusu halmashauri. Hilo si la TARURA. Linakamatwa kwenye Kamati ya Fedha, inayokaa kila mwezi chini ya meya, kwa kudai orodha ya kila mashine, mkusanyaji wake na alichoweka benki. Baraza la kila robo mwaka linakuta mambo yameshaiva. Pale ni hotuba na posho.

Mwananchi naye huchelewa. Vipaumbele hutoka kwenye mkutano wa mtaa, vikaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha kwa menejimenti na kamati za kudumu, na Baraza hupitisha rasimu ya bajeti mapema mwaka ili ifike mkoani na TAMISEMI kabla ya Bunge la Aprili. Anayekuja Juni kudai zahanati amekuja baada ya kitabu kufungwa.

Ningeanza na mabadiliko mawili. Kodi ya majengo irudi Jiji ikadiriwe kwa thamani, hata kama LUKU itaendelea kuikusanya. Na meneja wa TARURA na mkurugenzi wa DUWASA, ambao Baraza likiwaita ni kwa kutoa taarifa tu, mpango wao wa mwaka kwa Dodoma usitekelezwe mpaka Baraza liupigie kura, kata kwa kata, kalvati kwa kalvati.